Asali au Pilipili

Watu wa Kisarawe waliihukumu pembea kwa masikio. Hakuna aliyejali kama mbao zake zimepigwa randa vizuri au kama nguzo zake zimesimama wima. Siku ya Idd walikusanyika uwanjani, chini ya boma, wakatega masikio kwa wanawake waliokuwa juu. Wakipiga ukelele, pembea ni nzuri. Wakipiga ukelele hadi mbuzi wakakata kamba, pembea ni nzuri mno. Wakishuka kimya, mwenye pembea alijua kwamba mwaka huo hana lake.

Mwanahalima hakuwa mtu wa ukelele. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto pekee wa Mwinyimadi seremala, na sauti yake waliijua watu watatu tu: baba yake, mama yake, na Wilhelmina, binti wa Mwalimu Damiani. Shule alikuwa ameishia darasa la tatu. Mwalimu Damiani alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na desturi ya kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake asome kwa sauti. Mwanahalima aliyajua maneno yote ya ubaoni. Akisimama tu, yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Asiyejibu hajui," Mwalimu alisema, bila hasira, akaandika sifuri.

Sifuri zilipokuwa nyingi, Mwanahalima alibaki nyumbani, akawa anamsaidia mama yake kusuka mikeka na baba yake kushika ncha ya pili ya ubao.

Mwinyimadi alitengeneza milango, vitanda na jeneza mtu akifa, lakini jina lake halikutokana na hivyo. Alikuwa Mwinyimadi wa Pembea, na hata watoto waliozaliwa juzi walimwita hivyo. Pembea yenyewe ilikuwa na nguzo mbili za mvule, mhimili wa mti mgumu uliolala juu yake, na mikono minne iliyobeba masanduku manne ya kukalia. Mhimili ule ulipakwa mafuta ya nazi, nao ulilia muda wote kama mzee anayeinuka kitini. Hapakuwa na mashine. Mwinyimadi mwenyewe alisimama chini, akalipokea kila sanduku kwa viganja linaposhuka, akalisukuma liende zake. Kabla ya kuanza aliuliza neno moja:

"Asali au pilipili?"

Waliosema asali aliwazungusha taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Waliosema pilipili aliwatupa juu mpaka kanga zikapepea, wakarudi wakimtukana kwa furaha. Kila mtu alikuwa na chaguo lake, na Mwinyimadi hakumcheka yeyote. Aliwahi kumzungusha kadhi mzima kwa asali, wala hakumwambia mtu.

Lakini palikuwa na mwendo wa tatu usio na jina, nao ulikuwa wa Mwanahalima peke yake. Asubuhi za kuamkia Idd, pembea ikishafungwa vigingi, baba yake aliijaribu kwa kumpandisha yeye. Alimzungusha mara tatu polepole, sanduku likipanda kama mwanamke aliyebeba mtungi. Mara ya nne akaongeza kidogo. Mara ya tano akaongeza tena. Kisha akaushika mkono wa pembea, akalisimamisha sanduku la Mwanahalima kule juu kabisa. Hapo binti aliiona mikorosho yote, mapaa ya makuti, na barabara ya Maneromango ikijipinda kama mshipi uliotupwa chini. Alivuta pumzi. Baba yake aliachia, na tumbo likabaki kule juu, likamfuata baadaye.

Watu walidhani ni mwoga. Sivyo. Kule kushuka alikupenda kuliko wote waliokuwa wakipiga makelele. Ila alitaka kushuka huko kumjie kwa hatua, akuone kunakuja, akuandalie kifua. Kitu cha kushtukiza hakikumpa raha. Kilikuwa kama mgeni anayeingia ndani bila kupiga hodi.

"Leo ipi, mwanangu?" baba yake alimwuliza kila mara, ingawa alijua.

"Ile yangu, baba."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja Hemedi wa Soga.

Hemedi alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi, akatoka huko na vyuma chakavu na maneno mengi. Pembea yake ilikuwa na mhimili wa chuma uliokaa kwenye beringi zilizojaa grisi. Vijana wawili wenye vifua waliivuta, nayo ikizunguka hailii kabisa, inavuma tu. Idd iliyotangulia aliisimamisha kando ya ile ya Mwinyimadi. Watu walibanana katikati, na sanduku moja likamvunja mtu bega. Amri ikatoka: uwanja ule pembea moja tu, Idd hii na zote zitakazofuata. Kuchagua ni kazi ya Jumbe Mwishehe.

Jumbe Mwishehe alipenda haki, na zaidi ya haki alipenda kuonekana ana haki. Alitangaza kwamba pembea zote mbili zitajaribiwa Idd mosi, baada ya sala, na wanawake walewale wanne, mmoja kila sanduku. Mke wake, Bi Tatu. Wilhelmina, kwa sababu Wakristo nao wana masikio. Zena, dada yake Hemedi. Na Mwanahalima.

"Kila fundi ana mtu wake, na wawili ni wangu," alisema. "Mizani ni haya masikio mawili. Atakayewapigisha ukelele ndiye mwenye uwanja."

Habari ilipofika nyumbani, mama yake Mwanahalima aliacha kupepeta mchele.

"Mwanangu, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi kesho usituaibishe. Sikuombi mengi. Ukelele mmoja, hata wa uongo."

"Mwache mtoto," Mwinyimadi alisema kutoka uani, alikokuwa akipaka mhimili mafuta. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Chema! Chema kimelala humu ndani miaka ishirini, mbona hakijakununulia hata randa mpya?"

Mwinyimadi alicheka, lakini mikono yake haikucheka. Mwanahalima aliiona ikipaka mafuta mahali palepale palipokwisha kupakwa. Alielewa. Vitanda na milango kila seremala anaweza. Uwanja ukienda kwa Hemedi, baba yake atakuwa Mwinyimadi tu, na Mwinyimadi wako wengi.

Alasiri hiyo alikwenda peke yake kwenye shamba la mihogo. Alitazama huku na huku, akafumba macho, akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi cha mbuzi. Njiwa wawili waliruka. Alijaribu tena, hata njiwa wa tatu hakushtuka. Alijaribu mpaka jua likaingia mikoroshoni, akarudi koo likimwasha, akamwambia mama yake, "Nitapiga."

Idd mosi uwanja ulijaa. Watu wa Vihingo walikuwapo na kanzu zao za mwaka, watu wa Soga walishuka na Hemedi, ngoma zilikuwa zimewambwa tayari. Jumbe Mwishehe aliketi kwenye kiti cha mikono, kofia imesukumwa nyuma ili isizibe masikio. Kura ilimwangukia Mwinyimadi kuanza.

Wanawake walipanda, wakafungiwa ufito mbele ya mapaja. Mwinyimadi alipita sanduku kwa sanduku.

"Bi Tatu, shikamoo. Asali au pilipili?"

"Marahaba, fundi. Pilipili! Nimechoka kuwa mtu mzima."

Watu wakaangua kicheko. Wilhelmina naye alisema pilipili. Zena alisema, "Yoyote," akaubana mdomo kama mtu aliyekula kiapo, na kila mtu alijua ameapishwa na nani. Mwinyimadi alifika kwa binti yake. Hakumwuliza kitu. Alimtazama tu, akaugusa ule ufito kuhakikisha umekaza.

Pembea ikaanza kulia na kuzunguka. Bi Tatu alipiga ukelele mmoja wa heshima. Wilhelmina alipiga mara mbili, mwenyewe akacheka katikati ya ule wa pili. Mwanahalima alikuwa akijiandaa. Sasa. La, raundi ijayo. Aliona chini kanga ya mama yake, mkono umeshika kifua.

Kisha pembea nzima ilipunguzwa mwendo, sanduku lake likapanda polepole, na aliutambua mwendo ule mwilini kabla akili haijafika. Moja, mbili, tatu. Ya nne ikaongezwa kidogo. Ya tano. Baba yake, mbele ya Jumbe na watu wote wa wilaya, siku ambayo kila kitu kilikuwa kikining'inia kwenye koo la binti huyu, alikuwa akimpa ile yake.

Sanduku lilisimama kule juu. Mikorosho. Mapaa. Barabara ya Maneromango. Mwanahalima alifungua kinywa apige ukelele, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa baba yake, na hapo ndipo alipojua kwamba hauwezi kutoka. Kifua chake kilikuwa kimetulia mno. Hapakuwa na pa kuuchotea. Mwinyimadi aliachia, tumbo likabaki juu, na kilichomjia usoni kilikuwa tabasamu. Tabasamu halisikiki chini.

Pembea ilipotulia, Hemedi alipiga makofi mawili makavu.

"Hongera, fundi. Umewapeleka kuzuru makaburi?"

Uwanja mzima ulicheka. Jumbe alijikuna sikio.

"Nimesikia ukelele mara tatu," alisema. "Twende kwa mwenzake."

Hemedi hakuuliza asali wala pilipili. Alisema, "Shikeni!" na kabla neno halijaisha vijana wake walikuwa wamekwisha kuvuta. Mwanahalima alidhani kwanza itapanda taratibu, kama mambo yote yenye adabu yanavyoanza. Haikupanda. Ilimnyakua. Mgongo wake uligonga ubao, macho yakajaa upepo, mbingu ikawa chini ya miguu, na alipotaka kuvuta pumzi, pumzi ilikuwa imekwisha kupita. Hapakuwa na juu pa kusimama wala chini pa kungojea. Raundi ya pili ufito ulicheza mbele yake, akahisi mwili unanyanyuka kutoka kwenye kiti.

Ndipo sauti ilipotoka. Ilitoka yote, ya miaka kumi na saba, pamoja na ile ya darasa la tatu.

"Nishusheni! Baba! Nishusheni!"

Ngoma zilikuwa zikipigwa, chuma kinavuma, watu wa Soga wanashangilia. Upepo uliyapasua maneno yake, ukayatupa huko mikoroshoni, ukawapelekea watu ule mlio peke yake. Mlio ulikuwa mrefu, mkali, wa ajabu. Vichwa viligeuka.

"Nani huyo?"

"Binti wa Mwinyimadi!"

"Yule bubu? Acha uongo!"

"Haki ya Mungu, ndiye!"

Makofi yalianza upande mmoja yakaenea. Kadiri alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kupiga, na kadiri walivyozidi kupiga ndivyo vijana wa Hemedi walivyozidi kuvuta. Wilhelmina naye alikuwa akipiga ukelele, wa raha tupu, katika sanduku la mbele, hata sauti zao mbili zikawa moja. Kila alipopita chini Mwanahalima alitafuta uso mmoja. Aliuona mara tatu. Mara ya kwanza baba yake alikuwa amesimama, mikono imelegea. Mara ya pili alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Mara ya tatu alikuwa akipiga makofi. Alipiga polepole, kwa viganja vile vipana, kama fundi mwungwana anayekubali kazi ya mwenzake.

Baada ya hapo Mwanahalima hakumtafuta tena. Alifumba macho, akaendelea kupiga kelele kwa sababu hakujua namna ya kunyamaza.

Walipomshusha aliushika ukingo wa sanduku. Wilhelmina alimkumbatia.

"Shoga! Kumbe sauti unayo! Miaka yote hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

Jumbe Mwishehe aliinuka kitini, jambo alilolifanya kwa nadra. Alitaka haki ionekane mpaka mwisho.

"Binti yangu, njoo. Usiogope. Masikio yangu yamekwisha kuamua, lakini wewe ni mtoto wa fundi, sitaki kesho waseme nimewaonea. Nikuulize mbele ya watu. Kati ya hizi mbili, hii ya Hemedi ndiyo iliyokupendeza?"

Nyuso zote zilimgeukia, mamia ya nyuso, na ghafla alikuwa mbele ya ubao, Mwalimu Damiani ameshika chaki. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa neno moja, fupi kuliko jina lake. Alilisukuma kwa ulimi, likakwama palepale. Na koo lenyewe lilikuwa limekwisha kuchanika. Alitazama chini, akaona kidole gumba cha mguu wake kikichora mchangani.

Jumbe alingoja. Kisha akatabasamu, akawageukia watu.

"Wenye mabinti, nisaidieni. Sheikh akipeleka posa kwa mwanamwali, mwali akainama asiseme kitu, tunasemaje?"

"Amekubali!" uwanja wote uliitika.

"Kimya cha mwali ni ridhaa. Uwanja ni wa Hemedi."

Vigelegele vilipigwa kama vya harusi. Watu wa Soga walimbeba Hemedi mabegani. Mwanahalima alibaki amesimama katikati ya furaha ile. Juu ya pembea ya baba yake alinyamaza, wakasema hakupenda. Mbele ya Jumbe alinyamaza, wakasema amependa.

Siku ya pili Mwinyimadi aliing'oa pembea peke yake. Hakutaka mtu amsaidie. Nguzo alizigeuza miimo ya milango, mhimili akauegemeza nyuma ya choo, ambako mvua iliupata. Masanduku manne yalimsumbua. Yalikuwa mazuri mno kuwa kuni. Mwishowe aliyapigilia vijiti mbele, akayafanya vizimba vya kuku.

Mama hakusema na binti yake kwa siku nne. Siku ya tano alisema, "Ulisema utapiga, ukampigia mwingine," akamaliza hapo. Hilo Mwanahalima aliliweza. Asichoweza ni wema wa baba yake.

"Usione haya, mwanangu," Mwinyimadi alimwambia, akimpokea ncha ya ubao. "Kila mtu na mwendo wake. Mimi nilidhani naujua wako, kumbe sikuujua. Nilifurahi kuisikia sauti yako, ujue. Kweli nilifurahi."

Mwanahalima alitaka kumjibu. Lakini kumjibu kulikuwa kumwambia kwamba aliujua, kwamba aliujua sawasawa, na kwamba kuujua huko ndiko kulikompotezea uwanja. Aliinamisha kichwa. Baba yake, kama Jumbe, alidhani ni ridhaa.

Toka hapo Mwinyimadi hakumwuliza tena, "Leo ipi?" Hapakuwa na cha kuulizia.

Idd kubwa ilipofika hawakwenda uwanjani. Walikaa uani, baba akichonga mpini wa jembe, binti akiwamwagia kuku chenga za mchele. Kutoka chini ya boma sauti ya Hemedi ilipanda, imekauka kwa kuita.

"Njooni, njooni! Pembea iliyomfungua kinywa binti wa Mwinyimadi! Bubu alipanda, akashuka msemaji! Mwanahalima mwenyewe shahidi!"

Panga la Mwinyimadi lilisimama kidogo juu ya mti, likaendelea.

Kisha ukelele ulianza kuja. Mwanahalima aliusikiliza, kiganja kikiwa na chenga. Ule wa kwanza, wenye kicheko mkiani, ulikuwa wa Wilhelmina. Wa pili ulikuwa wa mama mtu mzima anayejisikia msichana. Wa tatu ulikuwa mwembamba, ulirudia palepale, palepale, bila kupanda wala kushuka.

"Wanafurahi," Mwinyimadi alisema. "Tumshukuru Mungu, watu wanafurahi."

"Yule anataka kushuka."

Baba yake aligeuka. Ilikuwa siku nyingi hajamsikia akianza maneno mwenyewe.

"Yupi?"

"Huyo mwembamba. Msikilize."

Mwinyimadi alitega sikio. Ukelele ulikuja tena, na baada yake makofi, makofi mengi, na baada ya makofi ukazidi. Alisikiliza kwa muda mrefu, kama anavyosikiliza ubao kwa kuugonga ajue ndani umeoza au la. Kisha aliyatazama yale masanduku manne ukutani, kuku wakitoa vichwa kwenye vijiti. Panga aliliweka chini.

"Na wewe siku ile," alisema, "ulitaka kushuka?"

"Tangu raundi ya pili."

"Yangu je?"

"Yako ilikuwa ile yangu, baba."

Mwinyimadi alijifuta uso kwa kiganja, toka paji mpaka kidevu, mara moja.

"Ungesema, mama," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu. "Ungesema tu."

"Nilisema, baba. Nilisema kwa nguvu zangu zote. Nikakuita wewe. Mkapiga makofi."